Kiti cha Kushoto

Gari lile lilikuwa na viti viwili, na katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimekalia hata kimoja.

Lilikaa nyuma ya nyumba yetu Kilosa, ndani ya banda la mabati lililojengwa vizuri kuliko jiko langu. Masika yakija, kuni zangu zililowa, gari halikulowa. Lilikuwa dogo, jekundu lililofifia mpaka likawa rangi ya tofali, na fupi kiasi kwamba ukisimama kando yake unaliona paa kwa juu. Paa lenyewe lilikuwa turubai la kukunja. Meneja mmoja wa shamba la mkonge huko Rudewa alilitumia enzi zile kukimbiza upepo jioni, na alipoondoka nchini akamwachia dereva wake. Dereva huyo alikuwa baba mkwe wangu. Gari likaja kwa mume wangu, naye akalipitisha mbele ya nyumba ya msichana mmoja wa Mikumi mpaka msichana akakubali kupanda.

Msichana huyo si mimi. Ni mke wake wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu.

Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni na mimi ndiye niliyekuwa nikiifuta vumbi, kwa hiyo naijua. Amekaa kiti cha kushoto, kitambaa cha maua kichwani, mkono wa kushoto ameutoa nje na kuulaza juu ya mlango, vidole vimetanuka, kama mtu aliyeweka mkono kwenye mgongo wa ng'ombe wake. Hatazami kamera. Anamtazama aliye upande wa usukani, ambaye katika picha anaonekana bega tu.

Nilipoolewa, binti yao alikuwa bado wa kusukwa nywele asubuhi kabla ya shule. Nilimsuka. Aliniita ma'mdogo tangu siku ya kwanza, kama alivyofundishwa, na hakuacha.

Gari halikuwa limewaka tangu mama yake afariki. Mume wangu ni fundi umeme mstaafu wa reli. Hakuna feni ya Kilosa iliyokufa mikononi mwake. Kila Jumapili alilihudumia gari lile: alibadilisha mafuta, alisafisha plagi, alijaza upepo matairi, aliizungusha injini kwa mkono ili isigande. Alitengeneza kila kitu isipokuwa kimoja, swichi ya kuwashia.

"Imekufa," alikuwa akisema. "Na spea yake haipo."

Mimi nilifanya kazi ya kuripoti habari za wilaya redioni: mafuriko, bei ya mpunga Tindiga, wakulima na wafugaji waliogombea mipaka. Kazi ile humfundisha mtu kuuliza swali moja kwa njia mbili.

"Umeitafuta wapi?" nilimuuliza.

"Kote."

"Kote wapi?"

Hapo ndipo alipokuwa akiomba chai.

Majirani nao hawakuniacha. Mmoja, mwanamke wa nyumba ya kulia, alikuwa akipita na ndoo yake anauliza bila kusimama, "Mwenzangu, mke mwenzio kaamkaje?"

"Amelala. Kazi yake kulala."

"Afadhali hali."

"Nani kakwambia hali? Muulize anayemnunulia mafuta."

Tulicheka wote wawili. Kisha nikaingia bandani na kukuta mume wangu ametandaza chini shuka langu la zamani, amelala chali chini ya gari, anaimba taratibu. Kwangu hakuimba.

Mambo yaligeuka kwa simu moja. Binti alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja Mikumi na amepata mchumba huko huko. Nikaha ingefungwa kwa shangazi yake Mikumi, na baada yake bibi harusi apelekwe ukumbini. Aliongea na baba yake kwa sauti ya nje, mimi nikichambua mchele.

"Baba, sitaki gari la kukodi lenye maputo. Nataka unipeleke wewe, na gari la mama."

Mikono yangu ilisimama ndani ya ungo. Katika nyumba ile kulikuwa na sufuria za mama, mbuzi wa mama, vitunguu vya mama, na vyote vilikuwa vyangu. Gari ndilo lililokuwa la mama mwingine.

"Utalipata," alisema mume wangu, haraka kuliko nilivyotegemea. Kesho yake asubuhi, kabla hata sijachemsha maji, alikuwa ameshalegeza skrubu za dashibodi.

Nilisimama mlangoni mwa banda nikatazama. Alizungusha kwa vidole pete ya chuma iliyoshika swichi kwa mbele, akaisukuma swichi ndani, akaitoa kwa chini ikiwa bado imeshikana na nyaya zake. Kila waya alioutoa aliufunga kitambaa cha rangi yake ili asichanganye wakati wa kurudisha. Vitambaa vile nilivitambua. Vilikuwa kanga yangu.

"Ilikuwa imechanika," alisema bila kugeuka.

"Sasa ndiyo imechanika."

Aligusanisha nyaya mbili, kisha akavuta kitufe cha stata. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikaitika. Banda zima likatetemeka na kuku wangu wakatawanyika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ile. Nilikiri moyoni kwamba ni nzuri, na hilo likaniudhi zaidi.

"Si linawaka?" nilipaza sauti. "Acha nyaya hivyo hivyo, mtoto aende harusini."

Alizitenganisha. Kimya kikarudi. "Nimpeleke binti yake kwa kugusanisha nyaya, kama gari la wizi?"

Binti yake. Hakusema binti yangu, wala binti yetu.

Aliifungua swichi juu ya kigoda. Vibati vya shaba vilivyopaswa kugusana vilikuwa vimeungua na kuliwa, na tundu la ufunguo limepanuka kiasi kwamba ufunguo ulizunguka humo bila kushika chochote. Nikapendekeza tununue swichi ya kisasa, za aina hiyo zimejaa madukani, na ufunguo wake mpya.

"Ufunguo wa gari hili ni huu," akasema, akaufumbata.

Ulikuwa ufunguo mdogo, mwembamba, umefungiwa uzi wenye shanga moja ya bluu. Marehemu ndiye aliyeitunga shanga ile. Hapo nikaelewa kwamba miaka yote hiyo swichi haikuwa imeshindikana. Swichi mpya ingekuja na ufunguo mpya, na ule wa shanga ungebaki kuwa kipande cha chuma.

Tulikwenda Mikumi pamoja, kwa mtani wake. Mtani huyu aliwahi kuwa fundi wa matrekta kwenye mkonge, Rudewa, na sasa ana gereji kando ya barabara kuu, malori yanapopumzika. Babu yake aliletwa kutoka magharibi mwa nchi kuja kukata mkonge, na kabila lake na la mume wangu ni watani, kwa hiyo hakuna neno asiloruhusiwa kulisema. Wakati wa mazishi ya marehemu yeye ndiye aliyeunyakua ufunguo ule wa gari, akaukalia mbele ya waombolezaji, akatangaza kwamba hautoki mpaka apewe jogoo. Walimpa. Wanasema hata mume wangu alicheka, na ndicho kicheko pekee alichocheka siku ile.

Katika basi, mume wangu aliipakata swichi ikiwa imefungwa kwenye leso, kama mtu anayesafiri na yai.

"Karibuni, wafu watarajiwa," mtani alitupokea. "Shemeji, bado hujamkimbia huyu? Akifa nitamzika mimi, ndugu zake hata kaburi hawajui kuchimba."

"Utachimba wewe na njaa yako?" mume wangu alijibu. "Tazama hiki, kama macho bado yapo."

Mtani alifungua leso. Akaigeuza swichi mara moja tu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mtumwa wangu, umetoka Kilosa na hii? Hii ni swichi ya trekta!"

"Hii ni ya gari la meneja."

"Na ya trekta la meneja, na ya matrekta yote ya shamba. Kiwanda chao ni kimoja. Baba yako hakukwambia?"

Baba yake hakumwambia. Huenda naye alipenda kuamini kwamba alipewa kitu kisicho na pacha. Mtani aliingia ndani, tukamsikia akipekua vyuma, akatoka na swichi iliyojaa vumbi la grisi kavu, lakini shaba zake zilikuwa bado nzima na tundu lake limekaza.

"Haya, chukua. Nipe jogoo, mila ni ile ile."

"Na ufunguo?" mume wangu aliuliza.

"Jaribu wako."

Alijaribu ufunguo wa shanga. Ukaingia, ukazunguka, ukashika kwa mlio mdogo wa 'tak'. Nilimwona usoni akifurahi. Furaha hiyo haikudumu.

"Utakataaje?" mtani alisema. "Funguo zote hizi zilikatwa namba moja. Pale Rudewa nilikuwa natembea na mmoja mfukoni, nawasha trekta lolote nitakalo." Alichomoa kwenye msumari ukutani waya uliotungwa funguo, nyembamba, za namna moja, akanirushia mimi. "Shemeji, chagua."

Nilichagua. Nilikuwa na furaha kubwa na sikujaribu kuificha. Niliuchomoa ufunguo wa shanga, nikaingiza wangu. Ukazunguka, ukasema 'tak' ile ile.

Mtani alinitazama, kisha akatikisa kichwa. "Kumbe ndiyo hivyo. Unamwonea wivu marehemu, shemeji? Miaka yote hiyo mnagombea ufunguo wa trekta!"

Angekuwa mtu mwingine ningenuna hadi Idi. Mtani hanuniwi. Nilitia ufunguo wangu kwenye pindo la kanga nikafunga fundo. Mume wangu aliufuta ule wa shanga kwa leso, pole pole, ingawa haukuwa na uchafu.

Tulipokuwa tunarudi, basi likiwa limejaa na sisi tumebanana, alizungumza akitazama dirishani.

"Nilijua siku nikiitengeneza, utataka kukaa pale kushoto."

"Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna. Ningekuruhusu. Ndiyo maana sikuitengeneza."

Nimehoji watu wengi, na jibu la kweli huwa nalitambua kwa namna linavyokuja bila kupambwa. Lile lilinikaa kifuani mpaka Kilosa.

Aliifunga swichi siku iliyofuata, akirudisha kila waya kwa rangi ya kanga yangu, akakaza pete ya chuma, akalehemu waya mmoja uliokuwa umelegea. Gari likawaka kwa ufunguo. Jirani wa kulia aliweka ndoo chini akapiga vigelegele.

Likabaki swali moja ambalo hakuna aliyelitaja. Binti alikuwa Mikumi, na gari lilikuwa Kilosa. Kutoka Kilosa mpaka Mikumi kiti cha kushoto kingekuwa na nani?

Jibu nililipata asubuhi ya safari. Nilitoka uani nimevaa vitenge vya sare ya harusi, nikakuta kiti kimejaa. Kulikuwa na sanduku la vifaa, dumu la petroli, tairi la akiba na betri ya pili. Kila kitu kilikuwa kimefungwa kamba.

"Gari zee," alisema, akielekea kuoga. "Likizima njiani, vifaa viwe karibu. Wewe utapanda Koasta na akina mama. Huko kuna nafasi ya kunyoosha miguu."

Nafasi ya kunyoosha miguu. Nilisimama nikiyasikiliza maji yakimwagika bafuni. Kisha nikafungua kamba. Betri, tairi na dumu nilivipeleka kwenye Koasta, basi dogo la wageni wa harusi lililokuwa likisubiri barabarani, nikamwambia dereva atufuate nyuma. Sanduku la vifaa lilinishinda uzito, nikaliweka chini. Sikukaa kiti cha kushoto. Kiti kile kina mwenyewe, na kwa miaka mingi nilikuwa nikikitaka kwa sababu hiyo tu. Nilizunguka upande wa usukani. Redioni tuliendesha wenyewe pikapu mpaka mabondeni Tindiga, kwenye matope, kwa hiyo gari halikuwa geni kwangu. Nilifungua fundo nililokuwa nimelifunga upya kwenye pindo la kitenge, nikaingiza ufunguo wangu, nikavuta kitufe.

Alitoka na taulo shingoni, sabuni bado sikioni. Akanitazama mimi, akatazama kiti kitupu, akatazama shanga ya bluu iliyokuwa mkononi mwake.

"Kavae," nilimwambia. "Mtoto wetu anasubiri."

Alichukua muda kuvaa. Nilidhani atatoka na maneno. Alitoka na kanzu na koti, akanyanyua sanduku la vifaa, akaingia upande wa kushoto, akalipakata.

Mji ukabaki nyuma. Gari lilivuta vizuri, likikaa chini karibu na barabara, na watoto wa vijijini walikimbia kando yetu wakipiga kelele. Nilianza kujisikia mwenye mali. Ndipo nikamwona, kwa pembe ya jicho, akishusha sanduku miguuni na kuutoa mkono wa kushoto nje. Aliulaza juu ya mlango, akatanua vidole, pale pale pa kwenye picha, bila kupapasa kutafuta mahali.

Wivu ukarudi wote, mzima, kama haukuwahi kuondoka. Nikakanyaga mafuta.

"Taratibu, mama," alisema. "Yeye pia akishika usukani alikuwa hivyo hivyo. Hana breki."

"Rudisha mkono ndani," nikamwambia. "Kuna malori."

Aliurudisha.