Mlango wa Baba Uliogeuzwa Meza

Sisi tuliokulia komine ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, wakati ule simu ilikuwa kitu cha maofisini, tulijua kungoja. Ulingoja gari la mahindi, ulingoja mvua, ulingoja baba. Watoto wa leo wangekufa kwa siku moja tu ya maisha yale. Binti yangu akiwa chumbani na mimi nikiwa jikoni, ananitumia ujumbe kuniuliza kama bukari, ugali wetu, imeiva. Jikoni na chumbani ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu kwa hasira. Nikimwambia kwamba tulikaa miezi minane bila kujua baba analala wapi, ananitazama kama vile namtungia uongo.

Baba alikuwa mtu wa reli kama babu alivyokuwa. Kazi ilipokwisha, alikwenda Lukafu kulima mahindi, akaahidi kurudi kiangazi na magunia. Nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi niliyekuwa na miaka minane, na Nkambo, mama yake baba, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa maneno, aliyenusa tumbako kutoka kwenye kikopo cha bati na kupiga chafya mpaka kuku wakimbie. Tulikunywa munkoyo baridi wa mahindi kwenye kibuyu, tukaruka kamba barabarani mpaka miguu ikawa myekundu kwa vumbi, na jioni Nkambo alitusimulia habari za wafu. Watoto wa sasa wanatazama filamu za kutisha huku wanakula biskuti. Sisi tulisimuliwa na mtu aliyeziamini, na taa ya kibatari, na choo kiko nje.

Mama alishona blanketi za vipande. Kila Jumamosi nilitumwa sokoni kuokota mabaki ya vitenge chini ya cherehani za mafundi, nikarudi na mfuko umejaa rangi zote. Mama alikata miraba kwa kufuata kipimo cha katoni, akaiunganisha mmoja mmoja. Kazi ile haina mchezo. Mraba ukipotoka unene wa kidole, blanketi zima linavutwa upande kama mdomo wa mtu aliyenuna. Na mama alikatia chini, amepiga magoti, kuku wanapita juu ya kitambaa. Alipoinuka alishika kiuno kwa mikono miwili na kuguna.

Halafu wamama wa kanisani wakamwagiza blanketi kubwa la harusi. Mama akasema sasa lazima apate meza ya kukatia, tena ndefu, na kile chumba cha nyuma, chumba chake na baba cha kulala, kiwe chumba cha kushonea. Tulijaribu kila kitu. Meza ya kulia chakula ilikuwa fupi na iliyumba. Mabenchi mawili tuliyaunganisha, ncha ya mkasi ikazama kwenye ufa wa katikati. Bati la paa, Mungu wangu, lilipiga kelele kila mkasi ulipoligusa, meno yakatuuma wote. Siku moja mama akasimama mbele ya mlango wa chumba akiupapasa kwa kiganja.

Mlango ule baba aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za mulombwa, ule mti wenye utomvu mwekundu. Ulikuwa mpana, mzito, laini kama kioo. Nkambo aliona kiganja cha mama, akajua.

"Usisubutu," alisema. "Mulango ya mwanaume habailalishe. Ikilala, ni juu ya mufu."

"Mama, ile ni mambo ya zamani. Miye mugongo inaniuma."

"Na mwenyewe akirudi, atapita wapi?"

"Atapita pale pale, Mama. Nitaweka pazia."

Nieleze kidogo kwa ambao hawakukulia kwetu. Familia zetu zilitoka kaskazini mwa Katanga, zikaja na reli na migodi, zikaja na desturi zao. Mtu akifia nyumbani, waling'oa mlango wa chumba chake, wakaulaza uani juu ya mabenchi, wakamlaza juu yake na kumfunika shuka jeupe mpaka jeneza lifike. Mlango uliong'olewa haukuwa na kazi nyingine. Kila mtu barabarani kwetu alijua hivyo, mpaka watoto. Mama alijua pia, ila alikuwa amechoka, na mwanamke aliyechoka hasikii la mtu.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, siku zile za moshi wa mashamba yanayochomwa, jua limekuwa jekundu tangu saa nane mchana na upepo unazungusha majani makavu. Seremala jirani aliupiga mlango nyundo mbili tatu, akautoa, akaulaza uani juu ya mabenchi, akaenda zake haraka bila hata kunywa maji. Mama akausugua kwa sabuni na ndoo mbili. Maji yalianguka chini yakiwa mekundu. Niliyaona yakijikusanya karibu na mguu wa benchi, nikamwambia mama kwamba mlango unatoka damu. Alinifokea, akasema ni rangi ya mbao tu, mtoto gani wewe. Leo najua alisema kweli. Siku ile sikumwamini.

Jua likaukausha upesi. Mama akamwaga juu yake mabaki yote ya vitenge ili ayapange kwa rangi, rundo refu kutoka upande hadi upande. Upepo ukaanza kuyapeperusha. Akachukua shuka jeupe, lile la kuweka chini ya blanketi la harusi, akalifunika rundo lote, akabana pembe nne kwa mawe. Kisha akachukua mkasi wake kwenda kuunolesha sokoni. Nkambo naye, kwa hasira, aliketi chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekifungua kwa sababu ya joto. Hakutaka kuongea na mtu.

Mimi niliingia chini ya ile meza kucheza. Kulikuwa na baridi isiyolingana na mchana ule. Juu ya uso wangu, pembeni mwa rundo, palikuwa na tundu la ufunguo, na kupitia pale niliona weupe wa shuka ukipanda na kushuka, polepole, upepo ulipopita chini yake. Nilijua ni upepo. Lakini niliacha kucheza, nikajikunyata.

Hebu sasa fikiria mtu anayepita nje, anachungulia juu ya ukuta wetu mfupi wa matofali mabichi. Mlango umelala juu ya mabenchi. Maji mekundu chini. Shuka jeupe, na chini yake kitu kirefu. Bibi kizee amekaa vumbini, kichwa wazi, anatazama mbele. Na habari za baba mwenye nyumba hazijasikika miezi minane. Mama Bea, jirani yetu wa upande wa pili wa barabara, ndiye aliyepita.

"Yoo! Yoo! Banamuleta!" alipiga kelele. "Banamuleta Baba Kapinga!"

Kapinga ni mimi. Wanawake walimiminika kutoka kila lupango, kila ua wa barabarani kwetu, wamejifunga vitenge kiunoni, mikono kichwani. Hapo ndipo jambo lilipoharibika kabisa. Wao walidhani Nkambo anajua. Nkambo alipowaona wanaingia wanalia wakitaja jina la mwanawe, alidhani wao ndio wameleta habari. Hakuuliza. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena maishani, akaanza kumlilia mwanawe kwa jina lake la utotoni, akamtaja baba yake na babu yake, akamwuliza kwa nini amemtangulia. Wanaume wakaleta viti. Hakuna hata mmoja aliyefunua shuka. Nani afunue, wakati mama wa marehemu yuko pale?

Mimi chini ya meza niliamini kama wote walivyoamini. Niliwaza kwamba baba yuko juu yangu, unene wa ubao tu kati yetu, na kwamba lile shuka lililokuwa likipanda na kushuka lilikuwa yeye. Sikulia. Nilitazama mbele, katikati ya miguu ya wanawake, ili nisitazame juu.

Na nikamwona baba amesimama nje ya ukuta.

Alikuwa na gunia begani na kofia yake. Majivu ya mashamba yaliyochomwa njiani yalikuwa yamempaka mpaka kwenye kope, uso wote mweupe, midomo imepasuka. Alikuwa akitazama mlango, kisha watu, kisha mama yake anayemlilia kwa jina. Hakuna mwingine aliyemwona, wote walikuwa wameinamia Nkambo. Halafu macho yake yakashuka, yakanikuta chini ya meza. Akaanza kuinua mkono.

Nkambo alikuwa ametufundisha, usiku mwingi, pale kwenye kibatari. Siku ya kilio mfu anakuja kuona nani anamlilia. Akikutazama, usimtaje jina, usimfuate, usimjibu. Funga macho uhesabu mpaka akate tamaa, la sivyo atakuchukua. Nilikuwa mtoto mtiifu. Nilifunga macho, nikahesabu mpaka ishirini, na kwa kuwa niliogopa, nikahesabu tena. Nilipofungua, palikuwa na ukuta na moshi.

Mama alirudi na mkasi wake ukimetameta. Alisimama mlangoni mwa lupango, akatupa macho huku na huku.

"Nani alikufa?" aliuliza. "Nani?"

Akaenda moja kwa moja mezani, akashika shuka na kulivuta lote kwa nguvu. Vitenge viliruka hewani, vyekundu, vya manjano, vya kijani, vikaangukia watu vichwani.

"Munalilia bipande ya bitenge!" mama alisema.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Bea alijifunga kitenge chake upya mara tatu kwa aibu, akaenda nyumbani kwake bila kuaga. Nkambo peke yake hakucheka. Wala mimi. Wao walicheka kwa sababu baba hakuwa amekufa, na mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu, mweupe, nyuma ya ukuta. Sikumwambia mtu. Nilifikiri nikimwambia mama, nitamwua baba mara ya pili.

Meza ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Blanketi la harusi lilitoka limenyooka kila mraba, na maagizo mengine yakaja. Mama alituma salamu Lukafu kwa magari ya mahindi. Jibu likarudi: alishatoka huku zamani, alibeba gunia lake, alisema anakwenda kwa mke wake. Basi mama akangoja. Miaka yote alingoja, akamwekea sahani yake, akakataa katakata kufanya kilio. Watu walimposa, akawafukuza. Na mimi nilimtazama akingoja, nikamkasirikia, kwa sababu nilijua anangoja mfu. Jinsi nilivyomkasirikia mama yangu, naona haya kuiandika. Nkambo alikufa. Baada ya miaka mingi mama naye akafa, akingoja.

Kiangazi kilichopita katekista mmoja kutoka upande wa Lukafu alibisha kwangu. Alisema kuna mzee mgonjwa kwenye mashamba ya mbali, anaishi peke yake, hapendi watu, na homa ilipompanda alitaja barabara yetu ya Kenya na jina langu. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi mbele ya kibanda chake, akipukuchua mahindi. Alikuwa mzee, lakini kope zilikuwa zile zile. Nilipiga magoti, nikalia mpaka nikaishiwa pumzi, nikamwuliza kwa nini hakuingia siku ile.

"Muntu banamulilia, anaingia namna gani?" alisema. "Nilifikiri njaa ilinimalizia mu njira, na sikujua. Inafikaka kwa bantu."

"Baba, vilikuwa vitenge tu. Ungeita. Ungeita tu jina moja."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilianguka ndani ya beseni.

"Nilikuwa nataka kuita," alisema. "Kiisha nilikuona weye chini ya mulango. Nikasema, mutoto ataniona, mutoto hadanganyake. Ulinitazama muzuri sana. Ukafunga macho. Pale njo nilijua ni kweli."

Hakuisema kwa lawama. Heri angelaumu.

Amekataa kuhamia mjini, anasema huko walishamaliza naye. Kwa hiyo kila Jumapili anapanda juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya shamba, mahali pekee penye mtandao, akiwa na simu ya katekista, na sisi tunampigia kwa picha. Anaishika vibaya, tunaona sikio, tunaona mbingu. Watoto wangu, hawa hawa ninaowasema kutwa nzima kwa simu zao, wanasukumana mbele ya kioo kidogo, hawana woga wowote, hawajawahi kufundishwa kumfumbia mtu macho. Mdogo wao anamwita babu yake kwa kelele, "Kambo, minakuona!" Upande wa pili upepo unavuma, halafu tunasikia sauti ya baba ikimwomba mtoto aseme tena.