Benchi la Nusu Saa

Saa tatu asubuhi, na hakuna anayeruhusiwa kuinuka.

Kibarazani kwa zahanati ya kijiji cha Ujamaa cha Mwakalulu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nzega, akina mama saba wamebanana kwenye benchi la mninga, kila mmoja na mtoto wake mapajani. Mbele yao, juu ya kigoda, ipo saa ya mezani. Mhudumu Swaumu Lukumani, mzaliwa wa Chemchem, Tabora mjini, anapita na kijiko cha klorokwini, dawa ya malaria, iliyopondwa kwenye asali.

"Meza, bwana mkubwa," anambembeleza Masolwa, mtoto wa miaka miwili. "Haya, umbea uanze."

Wanacheka wote isipokuwa Koleta, mama yake Masolwa. Macho yake hayabanduki mdomoni kwa mwanawe. Leo ni siku ya tatu ya dawa, siku ya mwisho. Ikikaa tumboni nusu saa, dozi imekamilika.

Hofu yake ina sababu. Msimu wa mvua uliopita alichukua dawa hapahapa kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, Ngollo. Njiani, kwenye shamba la karanga, mtoto akatapika. Koleta akayafukia matapishi kwa mguu, akaenda zake. Siku ya nne wakamzika Ngollo.

Mbona hakurudi? Siku zile kila mkutano ulihimiza kuwa dawa ni mali ya umma. Mama ambaye mwanawe ametapika alijiona mharibifu, akanyamaza.

"Na maneno hayo nilikuwa nayasema mimi," anakiri Swaumu, akisuuza kijiko. "Pale dirisha la dawa: chukua, usipoteze, mali ya umma. Najiona najua kazi."

Ukweli aliupata kwenye foleni ya kisimani, mahali ambapo humkosi Swaumu kama kuna la kusikia. Jirani mmoja akadokeza ya Koleta. Wa pili akasema, hata wangu alitapika. Wa tatu naye hivyohivyo. Zamu ya Swaumu ya kuteka ikapita, hana habari.

Kesho yake akamwendea Bundala, seremala wa kijiji, kuomba benchi. Yoramu, mganga wa zahanati, hakupendezwa na kelele za soga kibarazani.

"Mama Swaumu, hapa si harusini."

"Harusini mtu akila pilau hukaa, baba. Hapa akila dawa anakimbilia wapi?"

Sharti likawa moja: nusu saa, na mtoto akitapika mama aseme, apewe nyingine, asikaripiwe. Soga ni kamba ya kuwafunga tu. "Mtu aliye katikati ya habari za nyumba ya watu hainuki," anasema Swaumu.

Daftari la Yoramu linaonyesha kuwa msimu uliopita walitibiwa malaria watoto 96, wakafariki 17. Msimu huu wametibiwa 118, wamefariki watatu. Amehesabu mara mbili.

"Dawa ni ileile," anasema. "Kilichoongezeka ni benchi." Siku hizi naye akipita kibarazani hupunguza mwendo, asipitwe na umbea.

Saa tatu na dakika kumi, Masolwa anacheua. Kisha dawa yote inamwagikia kwenye khanga ya mama yake.

Benchi zima linamgeukia. Koleta anaitazama khanga, kisha anainua uso.

"Mama Swaumu," anasema, kwa sauti ya kusikika. "Katapika."

"Ahsante kwa kusema, mwanangu. Apumzike kidogo, nimpondee nyingine." Swaumu anawageukia wengine. "Huyu anaanza upya. Wenu wakimaliza muda, nendeni mkapike."

Muda wao unakwisha. Hakuna anayeinuka. Wanahesabu dakika za Masolwa pamoja na Koleta, soga zimekufa.

Dakika ya ishirini na tisa, Masolwa ananyoosha mkono, ananyakua karanga kwenye kiganja cha jirani, anatia mdomoni na kutafuna. Nusu saa inatimia kwa vigelegele hadi Yoramu anatoka mbio na kalamu mkononi.

Bundala tayari anaranda mbao za benchi la pili. Swaumu anataka liende kijiji jirani ambacho kimefunguliwa zahanati, na amekwisha kumchagua wa kulisimamia: Koleta.

"Umbea siujui kama mama Swaumu," anasema Koleta, akimpangusa mwanawe midomo. "Nitawasimulia habari ya shamba la karanga. Hakuna atakayeinuka."