Shimo la Pweza

Jirani anapiga plasta leo, na harufu ya simenti mbichi imenirudisha chumbani kwa bibi, mama yake baba. Alikuwa ameanguka, mguu haukumbeba tena, naye alilala akiuelekea ukuta, akikataa kula. Yeye aliyezoea kushinda miambani bahari ikitoka, kijiti mkononi, akiwatafuta pweza mashimoni.

Baba, fundi wa kujenga, alileta tenki la samaki akaliweka kando ya kitanda. Akaanza kubandika mawe ya matumbawe kwa simenti kwenye kioo cha nyuma, ili bibi auone mwamba wake. Mimi nilimpa mawe; yalinuka chumvi na kunikwaruza viganja. Lakini mkono wa baba ulizoea nyumba. Kila alipobandika jiwe, alilisawazisha.

Bibi akageuza kichwa. "Mwanangu, huo ni mwamba au ukuta wa msikiti?"

Baba akacheka. "Mwamba, mama."

"Na pweza atalala wapi?"

"Humu hakai pweza. Ni visamaki tu."

"Ndiyo usimwachie mlango? Hebu niinueni."

Tulimwinua. Akatia kidole gumba kwenye simenti laini, akakizungusha polepole, macho ameyafumba, mpaka likatokea shimo lenye mdomo mwembamba.

"Maji mnatia lini?"

"Bado, mama. Lazima simenti ikauke, kisha tuioshe na kuiosha, samaki wasife."

Bibi alijifuta kidole kwa leso. "Basi nitangoja," alisema. "Lakini sitangoja na njaa."