Kichupa Namba 412

Dada yangu alitafuta dawa kwa ajili yangu, ingawa kwenye karatasi za kampuni yake ya dawa liliandikwa jina la ugonjwa tu: selimundu, ule wa chembe za damu kujikunja. Mimi nilizaliwa nao, yeye akaponea chupuchupu, na nadhani hakuwahi kujisamehe kwa hilo.

Alianzia chini kabisa kiwandani, akipima kama vidonge vya homa vinayeyuka kwa wakati. Miaka minne ya kutazama vidonge vikiyeyuka ingemtia mtu mwingine wazimu. Yeye alijifunga kibwebwe, akasoma hadi shahada ya pili ya kemia, ndipo akahamishiwa maabara ya utafiti. Huko waliunganisha kemikali mpya, wakaipa namba, wakaijaribu kwenye damu, kisha wakaambiwa haifai. Dada aliambiwa hivyo mara mia nne na kumi na moja. Mjomba alikuwa akimtania kwamba anapika kila siku na hakuna anayekula.

Ile ya 412 aliimalizia siku niliyolazwa mahututi. Utaratibu wao ni kuisafisha kemikali mara tatu. Yeye aliisafisha mara moja, akaitia kwenye kichupa, akabandika lebo na kuja mbio hospitalini. Wiki iliyofuata majibu yakatoka: chembe za damu zilizozoea kujikunja zilibaki mviringo. Mama alilia. Mimi, mpumbavu namba moja, nikaanza kupanga uzee wangu.

Kampuni iliifanyia kazi miaka mitatu. Kadiri walivyoitengeneza safi zaidi, ndivyo nguvu yake ilivyopungua, na hakuna aliyejua kwa nini. Dada mwenyewe ndiye aliyekichimbua kile kichupa cha kwanza nyuma ya jokofu na kukipima upya. Alikuta mabaki ya madini wanayotumia kuharakisha muunganiko wa kemikali. Kumbe kazi yote ilifanywa na madini, na kwa kiasi kile yangeniharibu ini kabla ya mwezi kwisha. Kemikali yenyewe ilikuwa bure kabisa.

Angeweza kunyamaza. Aliandika ripoti kwa mkono wake, mradi ukafungwa, naye akarudishwa kwenye vidonge vya homa.

Siku hiyo aliketi ukingoni mwa kitanda changu bila kuvua viatu.

"Mdogo wangu, sikuisafisha vizuri."

"Si ulikuwa unanikimbilia mimi?"

"Ndiyo hivyo. Miaka mitatu nimekudanganya."

"Ukirudia hilo neno nakufukuza humu ndani."

Hakucheka. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Maumivu yalikuwa yamenianza tangu mchana, magotini na kiunoni. Aliona ninavyouma mdomo, akauliza yanauma kiasi gani, kama manesi wanavyouliza, kuanzia moja hadi kumi.

"Tatu," nikasema.

Yalikuwa tisa. Alivua viatu, akaanza kunikanda miguu, na hakuniuliza tena.