Kitabu Chini ya Magunia ya Mahindi

Kitabu pekee cha nukta nundu katika shule yetu, hapa Mbulu, kilihifadhiwa stoo, chini ya magunia ya mahindi ya uji. Watoto wasioona ndio waliokitoa na kukirudisha. Mimi, mwalimu wao, nilikuwa nikikitazama tu. Siku nilipokishika kwa mara ya kwanza, ili nijiandae kwa mtihani, kilinuka mkojo wa panya, na katikati ya kurasa palikuwa na mende aliyegandamana na karatasi. Nilinawa mikono mara mbili.

Sikuwa na hiari. Nilikuwa nimewafundisha watoto wale miaka sita bila cheti cha nukta nundu, na sasa tuliambiwa kwamba asiyefaulu ataondolewa darasani. Tangu nitoke chuo kikuu sijapata kuipenda kazi nyingine kama ile.

Aliyekubali kuninoa ni mwalimu mwenzetu asiyeona, mwanamke aliyenizidi umri, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tabora.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Soma."

Nilisoma aya nzima bila kukwama. Akacheka.

"Mbona karatasi haitoi sauti? Vidole vyako vimelala, mwalimu. Unasoma kwa macho, kama wenzako wote."

Ilikuwa kweli. Sisi tunaoona hukaa dirishani. Mwanga ukija kwa ubavu, kila nukta hutupa kivuli, na kivuli hicho ndicho tunachosoma. Alivua shuka aliyojitanda kwa ajili ya baridi, akafunika mikono yangu pamoja na kitabu.

"Haya, soma sasa."

Nikapapasa. Kinyesi cha panya kilichokauka kikanikwaruza. Nukta sikuzipata. Nilivilaumu vidole vyangu, vidole vya mtu wa kijiji cha Daudi aliyekulia kwenye jembe. Naye akaingiza mkono chini ya shuka, akapitia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso ukamkunjamana.

"Hapa hamna kitu. Magunia yamezilaza nukta zote. Watoto wanasomea hiki?"

Walikuwa wakisomea hicho. Muhula uliotangulia, binti mmoja kutoka Getanuwas aliupapasa ukurasa huohuo, vidole vikienda na kurudi, kisha akasema, "Mwalimu, hapa hamna maneno." Nami, niliyeyaona maneno yale kwa vivuli vyake hafifu, nilimwita mvivu, nikampa sifuri, nikamsimamisha mpaka kengele ilipolia. Harufu ya panya ilitoka kwa sabuni. Hili halikutoka.

Nilimwomba radhi binti yule. Akaniuliza tu, "Kumbe mwalimu hujawahi kukigusa?"

Siku ya mtihani, msimamizi alitugawia karatasi, akasema, "Jinsi ya kusoma ni juu yenu, walimu. Sisi tunataka majibu." Viti vya dirishani vilijaa mara moja. Mimi nilikaa nyuma, nikafunika mikono kwa sweta langu. Muda ulipokwisha nilikuwa nimesoma aya moja kati ya nne. Nilifeli, na ninajua wazi kwamba kwa macho ningefaulu.

Aliyepewa darasa langu alifaulu vizuri sana. Asubuhi nilipomkabidhi, aliwasalimia watoto kwa uchangamfu, akaangalia mwanga unaingilia upande gani, kisha akavuta kiti chake mpaka dirishani.