Hilaria na Midoli ya Gololi

Ndoo za plastiki zilizoua vyungu vya Hilaria nilizileta mimi. Sioni haya kusema. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye nauli ya kwenda Mbeya aligeuka mfanyabiashara, na nauli mimi nilikuwa nayo. Nilirudi Sumbawanga na ndoo, beseni, mitumba, na safari moja nikarudi na robo gunia la midoli mibovu ya plastiki, nyongeza niliyoipata baada ya kubishana na muuzaji mpaka akauchoka uso wangu.

Hilaria tulitoka naye kijiji cha Msanzi. Tulisoma darasa moja, tukaolewa wote mtaa wa Malangali hapa mjini, nyumba yake ya tatu kutoka yangu. Alifinyanga vyungu kama mama yake. Vilipokosa wanunuzi nilijua atakuja kuniomba kibarua, na ujira nilikuwa nimeshaupanga. Akaja kweli, lakini akanunua mdoli mmoja uliovunjika mguu, akaketi barazani pangu na kuupasua kwa kisu. Ndani kulikuwa na uzi wa mpira, umevutwa toka shingoni hadi nyongani na kushikwa kwa kulabu.

"Kumbe ni hivi tu," akasema.

"Hivi tu nini? Unaharibu mali."

"Mali nimeshailipia, Mama Sharon."

Akaanza kufinyanga midoli ya namna ile kwa udongo, akakosea miezi minne. Udongo husinyaa ukikauka, ukasinyaa tena motoni. Gololi ya goti, yaani kile kidonge cha mviringo cha kiungo, ikisinyaa kuliko kikombe inamokaa, mguu unalegea; kikombe kikisinyaa zaidi, gololi haiingii. Nikipita kwake nilikuta vipande vya mikono na miguu uani, nikacheka hadi nyumbani.

Siku moja akaweka juu ya meza yangu ya sokoni mdoli wa udongo, urefu shibiri mbili, mwekundu kama tofali la kuchoma. Akaupigisha magoti. Akaugeuza shingo. Akauinua mkono, mkono ukabaki juu kama wa mtoto anayejua jibu. Darasani Hilaria hakuwahi kuinua mkono. Aliyeinua nilikuwa mimi. Roho iliniuma palepale, na haikuniacha.

Mnunuzi nilimpata mimi vilevile: Mama Birgit, Mzungu wa mradi wa maji, aliyekuwa na kabati zima la midoli ya nchi mbalimbali. Kwao, alisema, watu wazima na akili zao wanaigombania. Niliupandisha ule mdoli bei mpaka ukafikia bei ya mbuzi wawili, nikachukua fungu langu. Mama Birgit akaagiza kumi na miwili, ya kuondoka nayo likizo ya Agosti. Nikaanza kupiga hesabu ya bati za nyumba.

Hilaria akaja jioni na kiti chake.

"Hii kumi na miwili nitaiuza mwenyewe."

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukiuza chungu kwa debe la ulezi na kushukuru juu?"

"Ndiye mimi. Fungu lako lilikuwa kubwa, mwenzangu. Wewe unajua kupanga bei. Udongo hujui."

Sikulala njaa kwa kukosa fungu lile. Biashara zangu zilikuwa zikienda. Kilichonikaba ni kwamba mimi nilihangaika na mabasi ya Tunduma nikichubuka magoti, yeye alikaa kivulini na tope, na watu wakaanza kuniuliza njia ya kwenda kwake.

Nikamfuata Coleta, binamu yake, mfinyanzi pia. Nikamwahidi ujira mnono atengeneze midoli kumi na miwili kabla ya Hilaria.

"Hilaria hukata gololi na kikombe chake katika donge moja," Coleta akanionya. "Huvikausha pamoja chini ya gunia moja, na kila jozi huitia alama kwa ukucha."

"Ndiyo maana anachelewa. Wewe fanya gololi zote Jumatatu, vikombe vyote Alhamisi. Na gololi usizitie vigae vilivyotwangwa, nataka ziwe laini. Udongo mtupu, uliochekechwa."

"Mama Sharon, vigae ndivyo vinavyozuia udongo kusinyaa—"

"Nani analipa?"

Coleta akaenda kuchekecha udongo. Alikuwa na watoto watano.

Agosti ilipofika tukakutana barazani kwa Mama Birgit. Niliipanga yangu kwanza, maana nilifika kwanza. Ilipendeza kwa macho. Mama Birgit akausimamisha mmoja. Magoti yakapinda kinyumenyume, kichwa kikaanguka kifuani. Wa pili ukaketi, halafu ukalala. Gololi zilikuwa zinacheza ndani ya vikombe kama njugu kwenye kopo.

"Hawa wametoka kilabuni," Hilaria akasema taratibu. Mama Birgit alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi niliirudisha kwenye boksi.

Kumi na miwili ya Hilaria ikasimama, ikaketi, ikainua mikono. Mama Birgit akataja bei: mbuzi mmoja kwa kila mdoli, kwa kuwa ni mingi.

Nilijua Hilaria atakubali. Niliingoja hasara yake hiyo, nikaiachia nafsi yangu ifurahi kidogo. Neno moja langu lingeokoa nusu ya jasho lake, na sikulitoa.

Hilaria alivuta kapu lililofunikwa kitenge, akalimwaga sakafuni: vichwa vilivyopasuka, mapaja, viganja, gololi zenye nyufa.

"Nilianza midoli thelathini," akasema. "Kumi na minane imefia motoni. Kuni ni zilezile. Mavi ya ng'ombe ya kuchomea, ya yule mfugaji Mboje, nimelipia yote. Huyu aliyesimama amebeba na maiti wake. Mbuzi wawili, mama. Ukiona ghali, na kapu nitakuongezea."

Mama Birgit akaokota kichwa kilichopasuka, akakigeuza, akakirudisha kwenye rundo. Akalipa mbuzi wawili kwa kila mmoja.

Miaka kumi na mitano ya biashara sijawahi kufikiria kumwonyesha mteja hasara yangu. Huwa naificha chini ya meza. Njiani Hilaria hakunidhihaki, jambo lililonichoma zaidi. Tulipofika kwangu akasimama.

"Mpira wa kufungia viungo umeniishia. Safari hii ya Mbeya niletee tyubu za baiskeli kumi. Na yule Coleta mwambie aje kwangu kesho."

Coleta akaenda kufanya kazi kwake, kwangu hakurudi. Tyubu nikaleta. Nilimuuzia bei ya mteja wa kawaida. Akaomba nipunguze, sikupunguza. Akazivuta moja moja kuona kama zimeoza, akarudisha mbili.