Mumiani na Banda la Kuku

Nakiri ujinga wangu: juzi hapa Irving, ughaibuni ninakoishi, niliunguza maharage, king'ora kikalia, na gari la zimamoto lilipofika, mimi mtu mzima nikajifungia bafuni. Kijijini kwetu tuliambiwa magari mekundu ni ya mumiani, wanaonyonya watu damu. Alasiri moja, nikiwa mtoto huko kijijini, gari moja jekundu likanguruma barabarani. Niliamini limenifuata mimi hasa, maana mchana nilikula maini, na bibi alisema maini yanaongeza damu. Nikajichimbia banda la kuku, katika joto na harufu ya kinyesi, kuku wakinilalamikia. Kumbe lilileta soda za harusi. Jirani yetu, Mama Zaituni, alinivuta mguu: "Toka humo! Mumiani gani atahangaika na wewe, wakati hata mbu wanakupita?"